Mikhail Koshkin: Kijana wa kiwanda cha peremende aliyeunda T-34, kifaru unachoendesha kwenye gemu

Kama wewe ni mtu wa gemu za vita, iwe ni World of Tanks kwenye kompyuta, ile Blitz yake ya simu, War Thunder au Hell Let Loose, basi T-34 si kifaru kigeni kwako. Kiko kila mahali. Kilikuwa kwenye Battlefield 1942 iliyotoka mwaka wa 2002, kikaingia kwenye Call of Duty ya kwanza mwaka wa 2003, na kwenye Company of Heroes 2 unaweza kukiamuru kikagonge kifaru cha adui kwa mwili wake chenyewe, kama fahali. Wachezaji wanakipenda kwa sababu tatu: kina mbio, bamba lake la mbele limelazwa hadi risasi nyingi zinateleza, na mzinga wake unauma.

Lakini muulize mtu aliyekiendesha mara mia tano ni nani alikiunda. Wengi watakukodolea macho tu.

Anaitwa Mikhail Ilyich Koshkin. Alikufa Septemba 1940 akiwa na umri wa miaka 41, miezi tisa kabla ya kifaru chake kuingia kwenye vita vilivyokipa jina. Hakuwahi kukiona kikipigana hata siku moja. Wewe hapo na simu yako umekiona kikipigana mara nyingi kuliko yeye.

Kila kitu unachokipenda kwenye T-34 kiko pale kwa sababu mtu huyu alikipigania ofisini, kiwandani na barabarani, wakati ambapo kukosea kungeweza kumfanya apotee. Na yale usiyoyaona kwenye skrini, ambayo watengenezaji wa gemu wameyaondoa ili usiboeke, yaligharimu watu maisha. Yeye akiwa mmoja wao.

Alianza na peremende

Koshkin alizaliwa Desemba 1898 katika kijiji cha Brynchagi, eneo la Yaroslavl, kaskazini mashariki mwa Moscow. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na masomo yakaishia kwenye madarasa machache ya shule ya kanisa. Akiwa angali mvulana akaenda Moscow kusaka kazi, jinsi vijana wengi hapa kwetu wanavyopanda basi kuja Nairobi wakiwa na begi moja na namba ya simu ya binamu.

Kazi aliyopata ilikuwa katika kiwanda cha peremende. Ndiyo, peremende. Mtu ambaye baadaye angeunda kifaru maarufu kuliko vyote vya Vita vya Pili vya Dunia alianza kwa kujifunza kupika sukari.

Mwaka wa 1917 akaitwa jeshini, Vita vya Kwanza vikiwa bado vinaendelea, na mwaka uo huo akajeruhiwa. Mapinduzi yalipotokea na Warusi wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, akajiunga na Jeshi Jekundu la Wabolsheviki. Vita vilipoisha, chama kikampeleka Chuo Kikuu cha Kikomunisti cha Sverdlov mjini Moscow. Alipomaliza mwaka wa 1924 akatumwa mji wa Vyatka kusimamia, hutaamini, kiwanda kingine cha peremende. Baadaye akapata kazi za chama mjini humo.

Kufikia hapo alikuwa mtu mwenye ofisi, mwenye cheo, mwenye maisha yake. Angeweza kutulia hivyo hadi azeeke. Badala yake, mwaka wa 1929, akiwa na miaka 30, akaomba kwenda kusomea uhandisi katika Taasisi ya Ufundi ya Leningrad. Aliketi darasani na vijana waliomzidi kwa hesabu na ambao yeye aliwazidi kwa miaka. Alihitimu mwaka wa 1934, akaajiriwa katika ofisi ya kuchora vifaru mjini humo humo.

Sasa wewe unayesema umechelewa kwa sababu umri ni 25 na bado unarudia hesabu, piga hii hesabu kwanza. Tangu siku Koshkin alipopata cheti cha uhandisi hadi siku alipokufa ni kama miaka sita tu. T-34 kilitoka ndani ya hiyo miaka sita.

Kharkov, kiwanda chenye hofu

Mwishoni mwa 1936 alihamishwa hadi Kharkov, mji ambao leo unaitwa Kharkiv na uko Ukraine. Huko kulikuwa na kiwanda kikubwa cha injini za treni, Kiwanda Namba 183, ambacho pia kilitengeneza vifaru vyepesi vya aina ya BT. Koshkin alipewa ofisi ya usanifu wa vifaru aiongoze.

Kwa maneno hayo inaonekana kama amepandishwa cheo. Lakini hebu angalia kiti alichokalia. Vifaru vya BT-7 vilikuwa vimeanza kusumbua giaboksi, na katika Urusi ya Stalin gia ikivunjika mtu hakuulizwa tu kuhusu gia. Aliulizwa kama yeye ni adui wa taifa. Msanifu aliyemtangulia, Afanasy Firsov, aliondolewa kwenye nafasi hiyo, kisha akakamatwa na hakurudi. Konstantin Chelpan, aliyeongoza kazi ya kuunda injini ya dizeli ambayo ingekuja kusukuma T-34, alikamatwa mwishoni mwa 1937 na kuuawa mwaka uliofuata.

Yaani ukiwa kwenye War Thunder unasikia ile injini ya V-2 ikinguruma, silinda 12, nguvu za farasi 500, jua kwamba kiongozi wa walioiunda alipigwa risasi na serikali yake mwenyewe kabla haijafungwa kwenye kifaru hicho.

Mtu mwingine angeingia ofisi kama hiyo, akainamisha kichwa na kufanya tu alichoambiwa. Koshkin hakuwa mtu wa kelele, lakini hakuweza kunyamaza alipoona mchoro mbaya.

Magurudumu au minyororo?

Vifaru vya BT vilikuwa na asili ya Marekani. Mvumbuzi mmoja wa huko, J. Walter Christie, alikuwa ameunda kifaru chenye kasi ajabu, kila gurudumu likiwa na springi yake kubwa. Jeshi la nchi yake likawa linasuasua kukinunua. Warusi wakanunua viwili, vikasafirishwa bila vichwa vya mizinga huku karatasi zikisema ni trekta za shamba.

Kilichowavutia Warusi ni kwamba kifaru cha Christie kiliweza kuvuliwa minyororo yake ya chuma na kukimbia barabarani kwa magurudumu kama lori. Wakati ule minyororo ilikuwa inakatika haraka, kwa hivyo wazo lilikuwa na akili yake.

Halafu vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania, kuanzia 1936. Urusi ilipeleka vifaru vyake huko, na mizinga midogo ya milimita 37 ikawa inavitoboa kama kopo la soda. Mabamba yalikuwa membamba, na petroli ilishika moto upesi. Jeshi likataka kifaru kipya chenye bamba bora na injini ya dizeli, lakini wakubwa waling'ang'ania kiwe bado kinaweza kutembea kwa magurudumu. Mradi huo uliitwa A-20.

Koshkin aliona tatizo ambalo wewe mchezaji utalielewa mara moja. Unajua vile kwenye gemu una pointi chache za kuboresha kifaru, na ukizitia kwenye injini unakosa za mzinga? Uzito kwenye kifaru ni vivyo hivyo. Mitambo yote ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu ilikula uzito, ikala muda wa mafundi, na kwenye matope haikusaidia chochote. Ukiitoa, ule uzito unaobaki unauhamishia kwenye bamba na mzinga.

Hakukataa amri, maana katika mwaka kama ule kukataa amri hakukuwa ushujaa bali kujimaliza. Alichofanya ni kuomba ruhusa ya kuunda viwili: A-20 kama walivyoagiza, na kingine cha minyororo pekee, ambacho kiliitwa A-32. Vijaribiwe pamoja, kisha chuma chenyewe kiseme. Mwaka wa 1938 suala hilo lilifika mbele ya Stalin, na ruhusa ikatoka.

Mwaka wa 1939 vyote viwili vilijaribiwa na vyote vikafanya vizuri. Ila A-32 kilikuwa na kitu cha ziada: kilikuwa bado kinaweza kubeba. Mafundi wakakipakia vyuma vya uzito wa ziada, kikaenda. Hapo ndipo njia ya kuongeza bamba la mbele hadi milimita 45 ilipofunguka. Tarehe 19 Desemba 1939, kikiwa bado ni karatasi kuliko chuma, kifaru hicho kiliidhinishwa rasmi kwa jina la T-34.

Na ile milimita 45, mbona kwenye gemu inazuia kama bamba nene zaidi? Ni hesabu ya shule ya upili tu. Bamba la mbele limelazwa nyuzi 60 kutoka wima. Risasi inayokuja moja kwa moja inalazimika kupita kwenye chuma kwa mshazari, na umbali huo ni milimita 90, mara mbili ya unene wenyewe. Tena risasi nyingi hazipiti kabisa, zinateleza na kuruka juu. Koshkin si wa kwanza duniani kulaza bamba, lakini yeye na wenzake walilifunga pamoja na injini ya dizeli, minyororo mipana isiyozama kwenye matope, na mzinga wa milimita 76. Ukizungusha kifaru chako kwenye World of Tanks ili adui asikupate wima, unaendeleza hesabu yao.

Kilomita 750 kwenye theluji

Machi 1940, vifaru viwili vya kwanza vya T-34 vilikuwa tayari. Serikali ilitaka kuviona Moscow. Tatizo likawa kanuni: kabla ya kuonyeshwa, kifaru kilipaswa kiwe kimetembea kilomita 2,000 za majaribio, na hivi viwili havikuwa vimefikisha.

Suluhisho la Koshkin lilikuwa rahisi na la hatari. Visipakiwe kwenye treni. Viende vyenyewe, kutoka Kharkov hadi Moscow, kilomita kama 750, katika theluji, kwa siri, vikikwepa barabara kuu na miji. Naye akaenda navyo.

Ndani ya kifaru hicho hakukuwa na hita wala kiti cha maana. Chuma kilikuwa baridi kama friji, dizeli inanuka, na kila mtetemo unafika kwenye mifupa. Waliondoka usiku wa kuamkia Machi 6, na Machi 17 vifaru vikasimama ndani ya ngome ya Kremlin, Stalin mwenyewe akiviangalia. Koshkin alikuwepo, tayari anakohoa.

Mambo hayakuwa laini hata hapo. Ndani ya jeshi kulikuwa na wakubwa ambao hawakukitaka kifaru hicho, akiwemo Grigory Kulik, naibu wa waziri wa ulinzi. Lakini vifaru vilikuwa vimefika kwa miguu yao, na hilo lilikuwa jibu gumu kupinga. Baada ya hapo vikapelekwa kwenye majaribio, vikapigwa risasi za kweli, kisha vikaanza safari ya kurudi Kharkov.

Koshkin angeweza kupanda treni arudi nyumbani akatibiwe. Alirudi na vifaru. Inasimuliwa kwamba njiani, karibu na mji wa Orel, kimoja kilizama majini na yeye akaingia kwenye maji hayo ya baridi kusaidia kukivuta. Alipofika Kharkov alikuwa na nimonia kali. Hata hapo akaendelea kwenda kazini, kwa sababu utengenezaji ulikuwa unaanza na kasoro zilikuwa bado nyingi. Mwishowe madaktari wakalazimika kumtoa pafu moja. Haikusaidia. Alifariki Septemba 26, 1940, akiwa kwenye kituo cha kupumzisha wagonjwa nje kidogo ya Kharkov.

Kufikia mwisho wa mwaka huo, vilikuwa vimetengenezwa vifaru vichache tu zaidi ya mia moja. Kazi iliangukia mikono ya msaidizi wake, Alexander Morozov.

Vita vilipofika

Juni 22, 1941, Ujerumani iliivamia Urusi. Jeshi Jekundu lilikuwa na karibu T-34 elfu moja. Ukitegemea gemu utadhani hapo Wajerumani walikwisha. Lakini wapi! Vingi vilipotea katika wiki za mwanzo: vingine viliharibika giaboksi njiani, vingine vikakosa mafuta au vipuri, na madereva wengi walikuwa wamefunzwa kwa saa chache mno. Kifaru kizuri chenye dereva asiyejua na lori la mafuta lisilofika ni chuma tu kando ya barabara.

Hata hivyo, pale ambapo T-34 kilifika kikiwa kizima, Wajerumani walishtuka. Mzinga wao mdogo wa milimita 37 uligonga bamba lile bila kulitoboa, hadi askari wao wenyewe wakaupa jina la utani la kifaa cha kupiga hodi mlangoni. Kabla ya mwaka kuisha, tume ya Wajerumani ilitumwa mstari wa mbele kuvichunguza vifaru vilivyotekwa. Kifaru chao cha Panther, ambacho unakutana nacho kwenye hizo gemu, kilizaliwa kutokana na uchunguzi huo. Angalia bamba lake la mbele: nalo limelazwa.

Kharkov ilipokaribia kutekwa, kiwanda kilifunguliwa mashine moja moja, zikapakiwa kwenye treni na kupelekwa Nizhny Tagil, milima ya Ural. Huko, na katika miji mingine kama Gorky, Chelyabinsk na Stalingrad, T-34 kiliundwa kwa maelfu. Wengi wa waliokiunda walikuwa akina mama na vijana wa umri wako, maana wanaume walikuwa vitani. Kila mwaka mafundi walitafuta kipande cha kuondoa na saa ya kupunguza. Ule uamuzi wa Koshkin wa kuondoa mitambo ya magurudumu ulizaa matunda hapa: kifaru rahisi kinaweza kuundwa na mtu aliyejifunza kazi mwezi jana.

Wakati wa vita pekee vilitengenezwa zaidi ya 50,000. Mwaka wa 1944 likaja toleo la T-34-85, lenye mzinga wa milimita 85 na nafasi ya watu watano.

Kile ambacho gemu inakuficha

Sasa turudi kwenye skrini yako.

Kwenye World of Tanks, T-34 ni cha daraja la tano. Kamera yako inaelea nyuma na juu ya kifaru, unaona nyumba, kichaka na adui aliyejificha kule. Kamanda wa kweli wa mwaka wa 1941 hakuwa na kitu kama hicho. Ndani mlikuwa na watu wanne: dereva, mtu wa bunduki na redio pembeni yake, mpakia risasi, na kamanda. Kamanda huyo alipaswa kutafuta adui, kutoa amri, na wakati uo huo kulenga na kufyatua mzinga yeye mwenyewe. Alichungulia kupitia vioo vidogo vyenye ukungu. Mfuniko wa juu ulikuwa mmoja, mkubwa na mzito, na ukiufungua unaziba njia yako mwenyewe ya kuona mbele. Wajerumani kwenye Panzer III walikuwa watatu kwenye kichwa cha kifaru, kamanda akiwa na kazi moja tu, kuona na kuamuru. Mara nyingi hilo lilimaanisha kwamba wao waliona kwanza na kupiga kwanza.

Halafu kuna timu. Wewe unaandika ujumbe au unaongea kwenye headifoni. Vifaru vingi vya mwanzo havikuwa na redio kabisa, na kiongozi wa kikosi alilazimika kupeperusha bendera, risasi zikipita. Na gia je? Unabonyeza kitufe, kifaru kinaondoka. Madereva wa kweli walikuwa wakiweka nyundo ya mbao karibu, kwa sababu wakati mwingine mkono pekee haukutosha kusukuma gia iingie.

War Thunder inajaribu kuwa mkweli zaidi. Haina pointi za uhai. Risasi ikipenya, vipande vyake vinatawanyika ndani, na unaonyeshwa dereva, mpakia risasi na kamanda wakigeuka wekundu, kisha weusi. Hell Let Loose nayo inawalazimisha watu watatu waketi kwenye kifaru kimoja na kuchungulia kwenye mianya, na wengi wakijaribu mara ya kwanza wanagonga ukuta. Hizo ndizo gemu zinazokaribia kumfahamisha mtu kwa nini vifaru vya aina hii viliharibiwa kwa makumi ya maelfu pamoja na sifa zote zile.

Lakini hata hizo zina kikomo. Ukishapigwa unarudi gereji, unalipa sarafu kidogo za ukarabati, na wahudumu wako wale wale wanakungoja, tena wakiwa na ujuzi zaidi ya jana. Mtu wa bunduki aliyeketi pembeni ya dereva hakuwa hata na mlango wake mwenyewe wa kutokea juu. Kifaru kikishika moto mara nyingi alilazimika kusubiri dereva atoke kwanza. Sehemu hiyo hakuna gemu inayoiuza, na kusema kweli sijui nani angeinunua.

Kasoro nyingi za hizi zilijulikana mapema. Wanajeshi wa Urusi walikuwa wamekilinganisha T-34 na Panzer III iliyonunuliwa Ujerumani mwaka wa 1940, wakaona wazi kwamba kichwa cha watu wawili hakitoshi. Kulikuwa na mpango wa toleo jipya lenye kichwa cha watu watatu. Vita vikaanza, mpango ukawekwa kando, kwa sababu kiwanda kinachosimama kubadilisha mashine hakitoi vifaru. Kamanda wa T-34 alingoja hadi 1944 kupata mtu wa kumpokea kazi ya mzinga.

Kutoka Kharkov hadi Mombasa

Usidhani haya yote ni ya mbali na kwetu. Ukoo wa Koshkin umewahi kutia nanga hapa hapa pwani.

Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliteka meli ya MV Faina iliyotoka Ukraine. Ndani yake kulikuwa na vifaru 33 vya aina ya T-72, na ubishi mkubwa ukazuka kuhusu vilikokuwa vikielekea. Meli iliachiliwa Februari 2009 ikafika bandari ya Mombasa. T-72 kilisanifiwa Nizhny Tagil, mji ule ule ambao mashine na mafundi wa Kharkov walihamishiwa mwaka wa 1941. Kama ulikuwa mtoto Mombasa wakati huo na ukaviona kwenye taarifa ya habari, uliona wajukuu wa kifaru kile kilichotembea kwenye theluji hadi Kremlin.

Heshima iliyochelewa

Mwaka wa 1942 Koshkin alipewa Tuzo ya Stalin kwa kazi ya T-34, pamoja na Morozov na mwenzao Nikolai Kucherenko. Alikuwa kaburini kwa zaidi ya mwaka mmoja. Cheo kikubwa zaidi, Shujaa wa Kazi za Ujamaa, alipewa mwaka wa 1990, nusu karne baada ya kifo chake, nchi iliyompa ikiwa yenyewe imebakisha mwaka mmoja tu wa kuishi. Kaburi lake huko Kharkov halikubaki. Mji huo ulipiganiwa tena na tena katika vita vile, na tangu 2022 umekuwa ukipigwa tena mabomu.

Kwa hivyo wikendi hii ukiwa na bando na muda, jaribu kitu kimoja. Ingia War Thunder, chagua T-34 cha mwaka wa 1940 au 1941, halafu chagua ile hali ya simyuleta, ambayo haina kamera ya juu. Usitazame ramani sana. Endesha kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho ukiona tu kile ambacho dereva na kamanda wangeona. Pengine utapigwa na mtu ambaye hata hukumwona, na utarudi gereji ukiwa na hasira. Ukishatulia, mwambie rafiki mnayecheza naye jina la aliyekiunda, kwa sababu kwenye skrini hutaliona.